Binti anaigiza na anaogelea mashindano, kocha anasema achague. Ni lazima?

#1 Mjomba_Bugolobi
Habari zenu wote.

Dada yangu ana binti wa miaka 15, yuko S3 (kidato cha tatu), shule ya kutwa hapa Kampala. Anaogelea tangu akiwa primary, na sasa yuko kwenye kikosi cha klabu kinachokwenda gala za taifa, yaani mashindano ya kuogelea. Mtindo wake ni kipepeo, mita 100. Muhula uliopita watu wa tamthilia walikuja shuleni kutafuta sura mpya, akafanya usaili, akapita. Si yule wa kupita nyuma na sinia la soda. Ni mhusika mwenye maneno, anaonekana karibu kila kipindi. Mkataba uko mezani, haujasainiwa.

Kocha kasikia. Kasema achague bwawa au kamera, yeye hafundishi nusu mtu. Dada analia, shemeji kanyamaza kama kawaida yake, na mimi mjomba nimeambiwa nitoe neno.

Msimamo wangu huu hapa, mnipige vizuri: kocha ana haki. Sijaona mtu aliyefanya vyote viwili kwa uzito na kwa wakati mmoja. Wale wanaotajwa, ukichunguza, walimaliza kimoja ndipo wakaanza kingine. Nionyesheni mmoja tu.

#2 Mchokozi256
Mjomba hongera kwa kupewa kazi ya baba. Umetaja kocha, dada, shemeji mpaka sinia la soda. Mtoto mwenyewe anasemaje?

#3 Mjomba_Bugolobi
Anataka vyote. Ana miaka 15, ulitegemea aseme nini?

#4 Kibanda_Busia
Mmoja tu? Huyu hapa, tena wa kwetu: Madina Nalwanga! Bingwa wa chesi kutoka Katwe, mtaa wa hapa Kampala, akacheza filamu na Lupita Nyong'o, dunia nzima ikamwona. Funga uzi.

#5 Kete_Nyeusi
Kibanda, hapana. Hili nalisahihisha kila mahali, hata kwenye teksi.

Bingwa ni Phiona Mutesi. Madina Nalwanga ni mwigizaji aliyemcheza Phiona kwenye Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya 2016. Madina alitoka kwenye kucheza ngoma, na sataranji alijifunza kwa ajili ya ile kazi. Phiona ndiye aliyekwenda Olimpiadi ya chesi kule Khanty-Mansiysk 2010, kisha Istanbul 2012, ambako yeye na Ivy Amoko walipata cheo cha chesi cha WCM (Woman Candidate Master), wanawake wa kwanza wa Uganda kuwa na cheo cha kimataifa. Lupita alimcheza mama yake Phiona, na David Oyelowo akamcheza kocha Robert Katende.

Kwa hiyo hapo una wasichana wawili na kazi mbili, kila mmoja na yake. Ukiangalia vizuri umempa Mjomba hoja.

#6 Kibanda_Busia
VJ, yule anayetutafsiria filamu kwa sauti, alisema ni yeye mwenyewe. Kwenye kibanda changu cha filamu VJ ndiye Katiba.

#7 Mchokozi256
😂😂 Banange. Na VJ akisema Rambo alizaliwa Masaka?

#8 Kibanda_Busia
Basi wateja wanapiga makofi na mimi nauza karanga. Endeleeni.

#9 DarKampala
Mimi Mtanzania niliyehamia huku, naomba nafasi. Mjomba, Sonja Henie wa Norway, mwanadada wa kuteleza kwenye barafu. Dhahabu tatu za Olimpiki, mataji kumi ya dunia, na nyota mkubwa wa Hollywood. Huyo hapo.

#10 Mjomba_Bugolobi
Kwa wakati mmoja?

#11 Mzee_wa_Bombo
Niingilie, maana haya mambo ya zamani ndiyo chakula changu tangu nistaafu.

DarKampala yuko sawa kwenye hesabu ila Mjomba yuko sawa kwenye mpangilio. Mataji ya dunia ya Henie ni ya 1927 hadi 1936. Dhahabu za Olimpiki ni za 1928, 1932 na 1936. Mwaka huohuo 1936 akaacha mashindano, na filamu yake ya kwanza ya Hollywood ikatoka mwishoni mwa mwaka. Walakini kuna kipande ambacho watu hukiruka: mwaka 1927, alipochukua taji la kwanza la dunia akiwa na miaka 14, ndio mwaka alipoonekana kwenye filamu ya kimya ya kwao Norway. Miaka 14, Mjomba. Mdogo kuliko mpwa wako.

Kwa nini basi hakuendelea na vyote viwili? Hapa ndipo vijana hamuelewi. Zamani Olimpiki ilikuwa ya ridhaa. Ukilipwa kwa kuonyesha mchezo wako, umetoka. Mtazameni Esther Williams, Mmarekani. Alikuwa bingwa wa nchi yake mita 100 mtindo huru mwaka 1939, akiwa bado kijana mbichi, anaingoja Olimpiki ya 1940. Vita vikaifuta. Akaenda kwenye maonyesho ya maji ya kulipwa San Francisco, na kutoka hapo MGM, kampuni ya filamu ya Hollywood, wakamchukua, akawa anaogelea mbele ya kamera kwa miaka mingi. Kurudi kwenye mashindano haikuwezekana, alikuwa ameshakula pesa ya bwawa.

Kwa hiyo wale hawakuchagua kwa sababu mwili au saa vilikataa. Sheria ndiyo iliyowachagulia. Kuanzia miaka ya 1980 ukuta huo ulibomolewa. Leo mpwa wako akilipwa na tamthilia, hakuna atakayemzuia kuogelea kwa ajili hiyo.

Tena kuna Bud Spencer, yule mnene wa ndevu mliyekuwa mkimcheka mkiwa wadogo. Jina lake halisi Carlo Pedersoli. Mwaka 1950 alikuwa Mwitaliano wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja. Akaenda Olimpiki ya Helsinki 1952 na Melbourne 1956. Na katikati ya miaka hiyo alikuwa tayari anapata vijisehemu kwenye filamu.

#12 Kibanda_Busia
BUD SPENCER ALIKUWA MUOGELEAJI?? Yule wa kupiga watu kofi la kichwani? Mzee leo umenitendea haki, jioni naweka filamu yake.

#13 Mjomba_Bugolobi
Mzee shikamoo na asante. Ila "vijisehemu" umesema mwenyewe. Na huyo alikuwa mwanamume mzima, si mtoto wa S3 mwenye mtihani wa taifa wa UCE mwakani.

#14 MamaKutwa
Mjomba umeanza kuhamisha goli. Mwanzo ulisema mmoja tu. Sasa awe mmoja, awe wa kike, awe wa S3, awe na mtihani mwakani, na pengine awe anakaa Bugolobi.

#15 Kocha_Mbale
Salaam. Nafundisha riadha, si kuogelea, lakini mwili ni mwili.

Kocha wa binti hajasema vibaya, kasema kwa ukali. Watu wa nje wanadhani mazoezi ni zile saa za bwawani au uwanjani. Nusu ya kazi inafanyika kitandani. Kijana wa umri huo anahitaji usingizi mrefu kuliko mimi na wewe, na muogeleaji huamka kabla ya jogoo ili aingie majini kabla ya shule. Sasa mpeleke kwenye seti. Mliowahi kufika huko mnajua: unaitwa saa moja asubuhi, sini yako inapigwa saa kumi jioni. Katikati umekaa kwenye kiti cha plastiki unakula chapati na soda. Si kwamba umechoka kwa kazi, umechoka kwa kungoja, na huo uchovu hauna faida yoyote kwa misuli.

Angalieni Peruth Chemutai wa kwetu Sebei. Dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Miaka mitatu baadaye Paris akakimbia 8:53.34, kasi kuliko ya Tokyo, na bado akapata fedha kwa sababu Winfred Yavi wa Bahrain alimtangulia kwa chini ya sekunde moja. Chini ya sekunde moja kwa kilomita tatu. Hiyo sekunde inatafutwa miaka, katika milima, bila mambo mengine.

Swali langu kwa Mjomba: binti anaogelea mita 100 kipepeo kwa muda gani? Maana ushauri kwa mtoto anayeikaribia timu ya taifa si ushauri kwa mtoto anayefurahia medali za gala.

#16 Mjomba_Bugolobi
Kocha, muda wake siuweki hapa, watu wa bwawani watamtambua mara moja. Niseme hivi: kwenye kundi la umri wake huingia fainali, hajawahi kushinda taifa.

#17 Mchokozi256
Yaani tunagombana siku nzima juu ya mtu wa nafasi ya tano 😂

#18 MamaKutwa
Mchokozi wacha ukorofi. Wa tano akiwa na miaka 15 si wa tano akiwa na 20.

Na kuhusu umri, Husnah Kukundakwe aliogelea Paralimpiki za Tokyo akiwa na miaka 14, mtoto wa shule huyu. Kwa hiyo "ni mdogo" hainiingii. Wadogo wanaweza mambo mazito. Swali ni nani amewazunguka.

#19 Binti_wa_Arua
Nimekuwa nikisoma kimya lakini #15 kanigusa kwenye kiti cha plastiki.

Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilicheza basketi ya shule kwa bursari, na wakati wa likizo nikaanza kuigiza na kampuni moja ndogo hapa mjini. Nilipenda kuigiza kuliko mpira, naapa. Lakini nilichoacha ni kuigiza, na sababu haikuwa muda wala usingizi. Mpira ulinilipia ada. Kamera ilinilipa ahadi. Nilikuwa natoka seti usiku, nauli ya boda natoa mwenyewe, na malipo "yako njiani". Ilifika mahali mama akaniuliza, hiki ni kipaji au ni sadaka?

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini Uganda hatuna wasichana wa vyote viwili, nakwambia fuata pesa. Netiboli, mpira wa miguu, basketi, riadha: shule zinagombania wachezaji kwa bursari kwa sababu zinataka vikombe vya michezo ya shule za sekondari. Mtoto wa kijijini akipewa bursari anaisomea hadi S6. Nani anatoa bursari ya kuigiza?

#20 Kete_Nyeusi
Sahihi. Phiona pia, bila ile bodi ya sataranji pale Katwe asingeonekana na mtu yeyote. Mchezo kwetu ni mlango wa shule kwanza, medali baadaye.

#21 DarKampala
Lakini Binti, hoja yako haimhusu mpwa wa Mjomba. Kuogelea hapa ni mchezo wa wenye nacho. Bwawa la kulipia, ada ya klabu, nguo maalum za mashindano, safari. Hapo mchezo ndio unaokula pesa. Kwao kamera ndiyo ingelipa bwawa!

#22 Binti_wa_Arua
Kama italipa. Rudi usome #19.

#23 Mwanasheria_Ntinda
Samahani nimechelewa, nilikuwa mahakamani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu mkataba na ndio uko mezani.

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mtoto asifanyishwe kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Na kazi isiharibu masomo wala afya yake. Sasa mtu aniambie ni tamthilia gani ya Kampala haipigi sini za usiku. Mjomba, kabla ya kumjadili kocha, soma mkataba unasema nini juu ya saa. Kama umeandika "wakati wowote atakapohitajika", hapo una tatizo lisilohusiana na kuogelea hata kidogo.

Jambo la pili: angalia kama kuna kifungu kinachomkataza "shughuli hatarishi" au kufanya shughuli nyingine bila ruhusa ya prodyuza. Vifungu hivi huwekwa kwa sababu mwigizaji akivunjika mkono katikati ya msimu kampuni inapata hasara. Prodyuza anaweza kuyaita mashindano ya kuogelea hatarishi. Ukisaini bila kusoma, kocha hatakuwa na haja ya kumlazimisha achague, karatasi itakuwa imeshachagua.

#24 Mzee_wa_Bombo
Huyu ndiye mtu wa kusikilizwa.

#25 Mjomba_Bugolobi
Dada asante sana. Mkataba uko kwa dada yangu, nitaupitia jioni.

#26 Nywele_Wandegeya
Mmezungumza sheria, Norway, Bud Spencer. Hakuna aliyegusa NYWELE.

Mimi nina saluni, na nimewahi kuitwa kutengeneza waigizaji. Klorini inakausha nywele zetu mpaka zinakatika, hasa za mbele. Muogeleaji anayeingia majini kila siku ama anyoe fupi kama mwanafunzi, ama asuke mabutu madogo yaliyolala, afunike kwa kofia, na apake mafuta kabla na baada. Sasa njoo kwenye kamera. Sini ya kwanza inapigwa Jumatatu, ya pili, ambayo kwenye hadithi ni dakika mbili baadaye, inapigwa wiki ijayo. Nywele lazima zifanane mpaka mstari wa katikati. Nimeona dairekta akisimamisha kazi nzima kwa sababu mtu aliondoa rasta mbili. Sasa mtoto wako katoka gala, mabutu yamefumuka, kingo zimevimba, macho mekundu kwa miwani ya majini imebana. Watampiga sini ya harusi hivyo?

Wigi ndilo jibu. Lakini wigi zuri ni bei, na wengi watasema lete lako.

#27 MamaKutwa
Dada umenifungua macho. Na mabega je? Kipepeo kinajenga mabega. Mwaka unaisha gauni la mhusika halifungi.

#28 Nywele_Wandegeya
Hilo fundi nguo atajibu. Mimi ni kuanzia shingo kwenda juu.

#29 Kibanda_Busia
Nimerudi na mtu wangu, na safari hii nimekagua. Ritika Singh wa India. Alikuwa mpiganaji wa kickboxing, kapigana kwenye ligi ya kulipwa ya mapigano ya mchanganyiko. Dairekta Sudha Kongara akamchukua acheze bondia kwenye filamu na mwigizaji Madhavan, ikatoka 2016, na kwenye tuzo za taifa za filamu India akapewa kutajwa maalum. Msichana, kijana, mchezo mzito. Mjomba sema tena.

#30 Mjomba_Bugolobi
Kibanda leo umekuja na silaha. Nakubali ni mfano mzuri. Ila angalia: alicheza BONDIA. Mchezo wake ndio ulimpa kazi ya filamu, kila pigo alilojifunza ulingoni lilitumika mbele ya kamera. Mpwa wangu amepewa nafasi ya binti wa mchungaji anayetoroka shule. Hakuna bwawa hata kwenye kipindi kimoja.

#31 Mchokozi256
Atoroke shule aende kuogelea. Mwambie mwandishi, tatizo limekwisha.

#32 DarKampala
Utani huo una akili. Wale wa Wakaliga hapa Kampala, filamu zao za mapigano, wachezaji wanafanya kung fu kwelikweli, watoto wanafundishwa palepale uani. Mazoezi na uigizaji ni kitu kimoja, hakuna anayechagua.

#33 Kocha_Mbale
Wanafanya kung fu ya filamu, DarKampala. Ni kazi ngumu na naiheshimu, lakini teke la kamera linarushwa ili lionekane, teke la mashindano linarushwa ili lisionekane. Mtu akifanya la kwanza kila siku, la pili linaharibika.

#34 Mchokozi256
Kocha umetunga hilo sasa hivi au ulikuwa nalo?

#35 Kocha_Mbale
Nilikuwa nalo 😄

#36 MamaKutwa
Nami niseme la umri, kwa sababu naona kila mtu anadhani bwawa lina haraka na kamera inangoja. Dada yangu alitumia hoja hiyohiyo kwa mwanawe: "cheza mpira sasa, kuigiza utaigiza hata ukiwa bibi." Mimi naona ni kinyume. Nafasi ya msichana wa miaka 15 inatafuta sura ya miaka 15. Akifika 19 hiyo nafasi imekwenda kwa mwingine, na wa 19 ni wengi mno mjini.

Kuogelea je? Sarah Sjöström wa Sweden alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100 kipepeo, mtindo uleule wa mpwa wako, mwaka 2009 akiwa na miaka 15. Paris 2024, ana miaka 30, akachukua dhahabu mbili, mita 50 na 100 mtindo huru. Muogeleaji wa Marekani Dara Torres alipata medali tatu za fedha Beijing akiwa na miaka 41. Nani kasema bwawa linamfukuza mtu akiwa na 20?

Na kwa wanaopenda mifano ya Hollywood, mwigizaji Geena Davis alianza mchezo wa upinde akiwa amevuka miaka 40, tayari ana Oscar, na 1999 akamaliza nafasi ya 24 kati ya wanawake wapatao 300 waliokuwa wakiwania kuingia timu ya Marekani ya Olimpiki ya Sydney. Hakuingia, lakini hiyo 24 haikuwa ya kuigiza.

#37 Kocha_Mbale
Mama, Sjöström hakuacha katikati. Alikuwa bingwa akiwa na 15 na hakutoka majini. Anayeondoka akiwa na 15 ili arudi na 18 anakuta wenzake wameshakwenda. Kwa kipepeo hasa, ile hisia ya maji inapotea haraka. Torres aliwahi kuacha na kurudi, kweli, lakini alikuwa ameshakuwa wa Olimpiki kabla ya kuacha.

#38 MamaKutwa
Hakuna aliyesema aondoke. Nyinyi wa upande wa kocha kila mara mnageuza "vyote viwili" iwe "kuacha". Mimi nadhani makocha wengine wanalinda medali za klabu. Timu ya kupokezana ikikosa mtu wa kipepeo, klabu inapoteza pointi. Sasa hilo ni tatizo la mtoto au la kocha?

#39 Mzee_wa_Bombo
Mama umegusa penyewe. Mtazame Joshua Cheptegei, ni polisi. Ana cheo, ana kazi, na wakati huohuo alikuwa mwenye rekodi ya dunia ya mita 5000 na 10,000. Kazi mbili hizo! Lakini polisi inamwachia nafasi. Anatakiwa kambini, anakwenda. Anatakiwa Paris, anakwenda na anarudi na dhahabu. Jeshini tulikuwa hivyohivyo na wanamichezo wetu. Hakuna aliyewaambia wachague, kwa sababu mwajiri alikuwa anataka wakimbie.

Kwa hiyo mimi siulizi kama vitu viwili vinawezekana. Nauliza ni kipi kati ya hivyo viwili kiko tayari kumngoja mwenzake. Kama prodyuza hangoji na kocha hangoji, mtoto atakatika katikati.

#40 Kete_Nyeusi
Ndiyo maana chesi ni rahisi zaidi, unaweza kucheza kwenye kiti cha plastiki cha #15.

Na mkiongelea waigizaji watoto, msimsahau Nikita Pearl Waligwa, aliyecheza Gloria kwenye Queen of Katwe. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 15, uvimbe kwenye ubongo. Apumzike.

#41 Binti_wa_Arua
Amina. Alikuwa na kipaji yule mtoto. Ile sini anamfundisha Phiona kusogeza kete.

#42 Mchokozi256
Pole kwa wote waliomjua.

Mjomba, mkataba umeusoma au shemeji anaendelea kunyamaza nao?

#43 Mjomba_Bugolobi
Nimeusoma. Dada wa Ntinda, ni kama ulikuwa umeuandika wewe. Saa za kazi: "kulingana na mahitaji ya uzalishaji". Kuna kifungu cha kutobadilisha mwonekano, nywele zimetajwa kwa jina, bila ruhusa ya maandishi. Nywele_Wandegeya nakuvulia kofia. Shughuli hatarishi hazijatajwa. Malipo ni kwa kipindi, siku 30 baada ya kurushwa, si baada ya kupigwa picha.

Nimempigia prodyuza. Kumbe sini nyingi za binti wanataka kuzipiga mfululizo likizo ya Desemba, na zilizobaki wikendi. Hilo kocha halijui, na mimi pia sikulijua. Nimemwambia kocha, kasema Desemba ndipo anapojenga msingi wa mwaka mzima, wikendi ndipo gala zilipo. Bado nipo upande wake, ingawa sasa kanikera kidogo.

#44 MamaKutwa
Karibu upande wetu taratibu.

#45 Mwanasheria_Ntinda
Usisaini. "Mahitaji ya uzalishaji" ifutwe, ziandikwe saa: mwisho saa kumi na mbili na nusu jioni ili afike nyumbani kabla ya saa moja. Tarehe za gala za taifa ziandikwe kama siku ambazo hapatikani, moja baada ya nyingine, usikubali "tutaelewana". Na malipo kabla ya kurushwa, kwa sababu kipindi kisiporushwa hatalipwa kabisa.

#46 Binti_wa_Arua
Nauli pia. Andika NAULI. Gari la kampuni limrudishe mlangoni.

#47 Nywele_Wandegeya
Na wigi litolewe na uzalishaji. Mabutu ya chini nitamsuka mimi, bei ya mpwa.

#48 Kocha_Mbale
Mjomba, mwombe kocha kalenda ya mwaka, karatasi, si maneno. Mwombe na prodyuza yake. Ziweke pamoja mezani, hesabu siku zinazogongana. Zikiwa chache, kocha ana kiburi tu. Zikiwa nyingi, mimi na yeye ni kitu kimoja.

#49 Mjomba_Bugolobi
Kalenda ya gala ninayo. Ya prodyuza kasema "inaandaliwa".

#50 Binti_wa_Arua
Iko njiani 😂😂

#51 Kibanda_Busia
Itarushwa chaneli gani? Nauliza kwa ajili ya biashara.